Maneno ya Bi Tunu

Kabla hamjaanza kunihurumia, niwaambie kwamba siku ile mtu wa kwanza kucheka nilikuwa mimi. Nilicheka mpaka nikashika gunia nisianguke. Kama kuna anayetaka kuniita mjinga, aanzie hapo.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya kaka Amedeus, hapa Ifakara. Mpunga wa mwaka jana ulikuwa umekwisha na wa mwaka huu ulikuwa bado shambani, kwa hiyo mashine ilikuwa imelala na kundi letu la vichekesho lilikuwa na ukumbi wa bure. Jumatatu yake kijana wa kamera alikuwa anakuja kutoka Morogoro kurekodi igizo letu jipya. Na kabla ya hiyo Jumatatu kulikuwa na Jumapili yangu. Kanisani lingesomwa tangazo la tatu, la mwisho, la ndoa ya Fridolin na Agnella.

Agnella ni mimi. Fridolin ndiye mwandishi wa kundi.

Fridolin anatengeneza simu pale sokoni, lakini kutwa nzima kichwa chake kipo kwenye maigizo. Ana namna yake ya kuandika, na lazima muijue. Hawezi kumwandika mhusika hewani tu. Lazima awe anamwona mtu, mtu kamili, mwenye miguu na meno yake. Akitaka mume mwongo, anamweka Amedeus mbele ya macho yake, na jinsi Amedeus anavyopandisha bega moja akianza kudanganya, basi maneno yanakuja yenyewe. Ndiyo maana maigizo yetu yanachekesha watu mpaka wanatokwa machozi. Kila mmoja anavishwa nguo iliyokatwa kwa kipimo chake. Mimi ni fundi cherehani, nguo ya kipimo naijua.

Na ndiyo maana Mama yangu alimkataa. Mwaka juzi Fridolin aliandika mama mmoja anayesali rozari huku anafunua sufuria kuonja mchuzi, na katikati ya Salamu Maria anamfokea kuku. Mtaa wetu wote wa Kibaoni ulimjua ni nani. Mama alikaa wiki nzima hajaenda kusali na jumuiya.

"Huyo kijana hatuangalii, Agnella," aliniambia. "Anatupima."

"Mama, ni kuchekesha tu."

"Leo mimi. Kesho nani?"

Nilimwendea Fridolin nikiwa nimekasirika, naye akanishika mikono yote miwili, akaniangalia kwa yale macho yake yanayokufanya usahau ulichokuja kusema. "Agne, mimi simwandiki mtu nisiyempenda," akasema. "Mama yako nampenda. Ndiyo maana namwona." Maneno hayo niliyabeba mpaka nyumbani, nikamkabidhi Mama kama mtu aliyeleta zawadi. Mama alinitazama, akaendelea kuchambua mchele. Baba ndiye aliyekubali. Mama hakuwahi kutamka kwamba amekubali, na mpaka matangazo yanaanza kusomwa, mimi na yeye tulikuwa tunasalimiana na kuagana, hayo mengine hatuongei.

Hiyo ndiyo bei niliyolipa kumpata Fridolin. Bei yenyewe ilikuwa Mama.

Sasa igizo lenyewe. Linahusu bwana mmoja anaitwa Masumbuko, amemchumbia mwanamke anaitwa Bi Tunu, halafu siku ya kwenda kwa wakwe anakutana njiani na binti anaitwa Pendo, na moyo unahama. Masumbuko ni Amedeus. Alipomaliza kuliandika, Fridolin alikuja kwenye kibaraza ninaposhonea, akakaa kwenye stuli ya wateja, akaninong'oneza, "Pendo ni wewe. Nimemwandika nikikuona wewe, kila neno."

Niliunguza kitambaa cha watu kwa pasi kwa ajili ya maneno yale, na sikujali.

Lakini Pendo alinikataa. Sijui nieleze vipi. Pendo anaanza kucheka kabla hajamaliza kusema. Pendo ana baiskeli lakini haipandi, anaikokota tu ili safari iwe ndefu. Pendo akiulizwa swali anajibu kwa swali. Mimi nilijaribu. Nilicheka kabla ya wakati, ikasikika kama kikohozi. Nilikokota baiskeli, nikawa kama mtu aliyepata pancha. Wenzangu walikuwa wananipigia makofi ya kunitia moyo, yale makofi ya mtoto anayesoma shairi shuleni. Nikirudi nyumbani nilijilaumu. Kama Fridolin ananiona hivi, nilijiambia, basi mimi ndiye niliyejisahau.

Upande wa Bi Tunu sikuujua. Fridolin hana mtindo wa kugawa igizo zima. Anakutumia maneno yako kwa sauti kwenye simu, yako peke yako, unayasikiliza mpaka yanaingia. Na siku za mazoezi ya Bi Tunu mimi nilikuwa nabaki kushona magauni ya Komunio ya kwanza. Nilichojua ni kwamba Bi Tunu ni kero, na kwamba amepewa Eveline, binti mgeni wa kundi kutoka Mkula, ambaye mama yake anauza maboga na mchele pale barabarani. Eveline alikuwa mpole. Aliniita dada. Nilimshonea sketi bila kumtoza hata senti ya uzi.

Sasa, kundi letu lina desturi moja aliyoianzisha Amedeus tangu mwanzo. Zoezi la mwisho kabla ya kurekodi, tunabadilishana viatu. Kila mtu anacheza nafasi ya mwenzake mara moja, ili ajue mzigo ambao mwenzake amebeba. Kwa kuwa hujui maneno, mwenye nafasi anasimama nyuma yako anakutamkia, wewe unarudia.

Asubuhi ile Fridolin hakutaka.

"Leo tuache viatu," alisema. Alikuwa amekaa juu ya magunia matupu, anaichezea simu. "Muda umekwenda."

"Muda umekwenda wapi?" Amedeus akamuuliza. "Saa nne hii. Tangu lini tunaacha viatu?"

"Nasema tu, watu wamechoka."

"Mimi sijachoka," nikasema. "Eveline, umechoka?"

"Hapana, dada."

Angalieni. Mimi mwenyewe ndiye niliyesukuma.

Eveline akaanza kuwa Pendo. Nilisimama nyuma yake kumtamkia, lakini alikuwa anasikia neno la kwanza tu, mengine yanajimwaga. Alishika baiskeli kwa mkono mmoja, wa kushoto, akaanza kuikokota kuzunguka mashine. Amedeus akamuuliza unaitwa nani, yeye akaanza kucheka kabla hajajibu, akauma pembe ya kanga, akasema, "Kwani wewe unataka niitwe nani?"

Hakuna aliyepiga makofi ya kutia moyo. Watu walitabasamu wote, hata mimi. Alikuwa hafanyi kitu chochote. Hivyo ndivyo Eveline anavyocheka. Hivyo ndivyo anavyotembea akitoka stendi. Nilimgeukia Fridolin nimwambie, unaona, huyu binti ana kipaji.

Fridolin hakuwa ameketi tena. Alikuwa amesimama, simu imening'inia mkononi, anamtazama Eveline. Ule utazamaji naujua. Zamani nilikuwa naupata mimi, nikiwa nimeinama kwenye cherehani, nikiinua kichwa namkuta. Ulikuwa unanipasha moto mwili mzima. Asubuhi ile nilipouona unapita kando ya bega langu kwenda kwa mtu mwingine, nilijikuta najiambia anaangalia kazi yake. Mwandishi anaangalia kazi yake, nikajiambia tena.

"Haya, zamu yako," Amedeus akaniita. "Njoo uwe mchumba wangu king'ang'anizi."

Eveline akanifunga kitambaa cha Bi Tunu kichwani, akasimama nyuma yangu. Masumbuko anafika amechelewa, Bi Tunu anamdaka mlangoni.

"Umefika?" Eveline akanitamkia.

"Umefika?" nikasema.

"Umekula?"

"Umekula?"

"Umekula nini?"

Hapo ndipo nilipocheka. Nilimcheka yule mwanamke, jinsi anavyomhoji mtu mzima kama mtoto wa chekechea. Nikashika gunia, nikajifuta macho, nikasema, "Umekula nini?" Na kabla Eveline hajafungua mdomo nikaongeza, "Nani kapika?"

Amedeus akanijibu maneno yake palepale, bila kusita. Nyuma yangu Eveline akanigusa bega.

"Ndiyo yenyewe," akasema polepole. "Ndiyo inayofuata."

"Kweli?" nikauliza.

"Neno kwa neno, dada."

Wenzetu wakashangilia. "Endelea, endelea!" Nami nikaendelea, maana mwili ulikuwa umekwishashika njia. "Geuka nikuone mgongo," nikamwambia Amedeus. Akageuka. Nikaona uzi umetokeza kwenye kola ya shati lake, na huku namgombeza kwa kuchelewa, nikainama nikaukata kwa meno. Sikuwaza. Hivyo ndivyo ninavyofanya kwa kila shati linalopita mbele yangu, na kwa mashati ya Fridolin kuliko yote.

Kundi zima likaanguka. Mtu mmoja alikuwa anapiga ngumi ukutani kwa kicheko. Amedeus alikuwa anahema.

"Umeipata wapi hiyo ya uzi?" akaniuliza. "Iko kwenye igizo! Eveline kila siku anaisahau!"

Mimi sikuwa nacheka tena. Nilikuwa kama mtu aliyefika sokoni akakumbuka ameacha jiko linawaka.

Amedeus, maskini, hakuona kitu. Akarudi kwenye nafasi yake, akapandisha bega lake moja. "Tunu, unanipenda sana," akasema kwa sauti ya Masumbuko. "Na nikifa je?"

Hilo swali nililijua. Nililijua mahali lilipoulizwa na harufu ya mahali penyewe. Fridolin aliniuliza hivyohivyo nje ya wodi, mwaka ule homa ya matumbo ilipomlaza, amekonda mpaka saa inamchomoka mkononi. Nilimjibu. Jibu lile sikumwambia mtu yeyote, hata padri sikumwambia.

Eveline akadhani nimekwama, akanisaidia. Na kwa kuwa ni kichekesho, alilitamka kwa sauti ya kubana pua, ile ya Bi Tunu.

"Ukifa nitakushona na mimi ndani ya shuka moja, tutafutane hukohuko."

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile. Amedeus alikaa chini kwenye pumba. "Yaani huyu mwanamke!" akasema. "Hata kaburini hakuachi!" Kisha akapiga kofi moja, akaita, "Fridolin! Wewe ulikosea kugawa. Agnella ndiye Bi Tunu! Eveline ndiye Pendo! Tubadilishe moja kwa moja, hamuoni? Huyu ni yeye mwenyewe kabisa!"

Kicheko kikaanza kupungua, mtu mmoja baada ya mwingine, jinsi watu walivyokuwa wanaelewa. Wote walijua Fridolin anavyoandika. Wote walijua kesho kanisani kunasomwa nini. Eveline akaangalia miguu yake. Fridolin hakuniangalia mimi. Alimwangalia Eveline, kwa wasiwasi, kama anayetaka kujua kama ameumia.

Nikavua kitambaa cha Bi Tunu kichwani, nikakikunja, nikakiweka juu ya gunia. Nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Nyuma ya mashine kuna rundo la pumba kubwa kuliko nyumba. Nilisimama pale. Wa kwanza kunifuata alikuwa Eveline.

"Dada Agnella..."

"Usiniite dada."

"Mimi sikujua ni maneno yako. Haki ya Mungu sikujua. Nisingeyatamka vile."

Hilo nilimwamini. Mpaka leo namwamini.

"Alikuwa anakuja Mkula?" nikamuuliza.

Akatafuna pembe ya kanga. "Alikuwa anakuja."

"Kufanya nini?"

"Anakaa tu pale kwa mama, kwenye maboga. Alisema anamtafuta Pendo. Alisema ni kazi."

"Na wewe uliamini ni kazi?"

Machozi yakaanza kumtoka, na mimi nikamchukia kwa kulia kabla yangu. "Mwanzoni niliamini," akasema.

Fridolin akatokea mlangoni. Akamwambia Eveline, "Nenda ndani," kwa sauti laini ambayo sikuwa nimeisikia siku nyingi. Eveline akaondoka. Tukabaki wawili.

"Agne, sijamgusa," akaanza. "Nakuapia kwa marehemu bibi yangu. Hata mkono sijamshika."

"Nimekuuliza kuhusu mkono?"

"Nataka tu ujue."

"Uliniambia Pendo ni mimi. Ulikaa pale kwenye stuli yangu, ukaniambia kila neno."

"Nilitaka awe wewe."

"Nilitaka awe wewe," nikamrudia. "Fridolin, mimi nimejifunza kucheka kama mwanamke mwingine. Nilikuwa najifungia chumbani nafanya mazoezi ya kicheko chake. Unalijua hilo? Nilidhani nimeacha kuwa yule unayempenda, nikawa najitafuta kwenye maneno yako. Kumbe nafuata nyayo za mtu."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Nisaidie wewe, mwandishi."

Akakaa chini, akashika kichwa. Ana vidole virefu, vya kushika vitu vidogo, na hata katika hasira ile niliviona na nikavipenda. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kama mapenzi yangekatika palepale kama uzi, kazi ingekuwa nyepesi.

"Sisikilizi moyo wangu ninapoandika," akasema. "Wewe unajua. Nakaa, naita mtu, anakuja. Miaka yote nikimwita msichana wa kupendwa ulikuwa unakuja wewe. Kila igizo. Wewe mwenyewe uliyacheza. Halafu safari hii nikakaa, nikaita, akaja yeye. Nilimfukuza, Agne. Nikafuta. Nikakuita wewe."

"Na mimi sikuja?"

"Ulikuja."

"Nikaja nikiwa nani?"

Akachota pumba kwa mkono, akaziacha zimwagike.

"Nikaja nikiwa nani, Fridolin?"

"Ulikuja unauliza kama nimekula," akasema.

Nyuma ya ukuta mtu aliangusha kitu cha chuma. Wote mle ndani walikuwa wanasikiliza, na sikuona haya.

"Nitakuoa," akasema haraka. Akainuka, akaja karibu. "Kesho tangazo litasomwa na mimi nitakaa kiti cha mbele na wazazi wetu. Sitarudi nyuma. Hili ni igizo tu, Agne. Litarekodiwa, watu watacheka, litapita. Eveline nitamwambia aondoke kwenye kundi, ukitaka."

"Na ukikaa tena kuandika?"

"Nini?"

"Ukikaa tena. Mwakani. Ndani ya nyumba yetu, mimi niko jikoni. Ukaita msichana wa kupendwa. Atakuja nani?"

Alifungua mdomo. Ningemsamehe kama angedanganya, nasema kweli mbele yenu. Ningeupokea ule uongo kwa mikono miwili, ningeolewa nao. Alikuwa bingwa wa kutafuta maneno kwa ajili ya watu wote wa Ifakara, na kwa ajili yangu mchana ule hakupata hata neno moja.

Ndipo machozi yakanifikia. Yalikuja na sauti, na mimi si mtu wa kulia kwa sauti.

"Unajua 'umekula' ilianza lini?" nikamwambia. "Ilianza hospitalini. Ulikuwa hupeleki kitu mdomoni. Mama yako alikuwa amekata tamaa, amekaa kwenye korido. Nilikuwa nakuja na uji, nakuhesabia vijiko, nakwambia hiki cha mama, hiki cha baba. Ulipotoka nikawa bado naogopa. Kila jioni nikawa nataka kusikia kwamba umekula, kwa sababu ukila unaishi. Basi. Hiyo ndiyo kero yangu. Na ile ya shuka... Ile nilikupa wewe. Nilikuwa nimekaa na kifo chako mapajani, nikakupa neno la mwisho nililokuwa nalo, na wewe umelipeleka kwa watu walicheke kwa pua."

Nilikuwa nimefunika uso. Nilipoondoa mikono nikamwona amesimama ananitazama, macho yamelowa, na midomo yake inatembea. Nilidhani anasali. Nikadhani Mungu amemgusa, na moyo wangu, mpumbavu yule, ukaruka.

Nikasogea hatua moja. Nikasikia.

"...nimekaa na kifo chako mapajani," alikuwa ananong'ona. "Nimekaa na kifo chako mapajani."

Alikuwa anayarudia asiyasahau.

Sijui kama alijua anafanya hivyo. Nafikiri hakujua. Nafikiri angeweza kusimama kwenye maziko ya mama yake mzazi na midomo ikatembea vilevile. Alipoona nimemwona, akafunga mdomo, uso ukamshuka.

"Agne..."

Nilikuwa bado na mengi. Yalikuwa yamejipanga kooni, makali na matamu, mengine ya kumlaani, mengine ya kumwomba, mengine ya kumwambia tu jinsi nilivyompenda. Nikayameza. Moja moja, nikayameza yote.

"Sema kitu," akasema. "Nitukane basi. Agne, usiondoke hivyo, sema kitu!"

Nikapita mbele yake. Nikachukua baiskeli yangu ukutani, nikapanda. Mimi baiskeli naipanda.

Katekista Polikarpo nilimkuta nyumbani kwake Kibaoni, anakarabati banda la kuku, misumari ameishika kwa midomo. Aliponiona aliitema mkononi, akatabasamu.

"Bibi harusi!"

"Shikamoo, katekista."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Unakuja kuhakikisha jina lako halijasahaulika?"

"Nakuja kuomba lisisomwe."

Tabasamu likabaki usoni kwake kwa muda, halina kazi. Akanisogezea kigoda. Sikukaa.

"Mmegombana," akasema kwa upole. "Tangazo la mwisho likikaribia wengi wanagombana. Ni hofu tu. Nenda kalale, asubuhi uje tuongee na padri."

"Hatujagombana. Yeye bado anataka kunioa."

"Sasa?"

"Lisisomwe, katekista."

Akanitazama usoni, akaona macho yalivyovimba. Akakuna kichwa. "Nitamweleza padri. Lakini ni majina mawili, Agnella. La mwenzako nalo nifanye nini?"

"Lake mwachie. Atakuja mwenyewe kukwambia jina la kuweka pembeni ya lake."

Nilitoka pale nikiwa nimenyooka. Mama alikuwa nyumbani na shangazi zangu, wanapanga mambo ya kesho, na nilijua nikiingia atanisoma usoni kabla sijaegesha baiskeli, na hataniambia "nilikwambia." Angeniambia tu nikae nile, na hilo nisingeliweza. Kwa hiyo nikaipita njia ya nyumbani. Nikaendesha mpaka nyumba zikaisha, mpaka pande zote kukawa mpunga, unaanza kuinamisha vichwa, na ndege peke yao.

Nikashuka, nikaiangusha baiskeli kwenye majani. Pale, jua likiwa utosini, nikayasema yote niliyomnyima. Niliyasema kwa sauti, mpaka koo likakauka, na hapakuwa na mtu wa kuyaokota. Yalikuwa maneno mazuri. Yalikuwa mazuri kuliko yote aliyowahi kuniandikia.

Nanyi pia siwaambii.